Mashamba Yetu Yote Jina Moja

Shule niliiacha darasa la pili, na sijutii sana, maana mwalimu wetu alikuwa anachapa kuliko anavyofundisha. Kusoma nasoma. Kuandika naandika polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe mengi. Lakini nikisema nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti, macho yangu haya yakiona, siku mashamba ya ukoo wetu yalipopakiwa kwenye mtandao na programu aliyoiandika mjukuu wangu mwenyewe, msinibishie. Wengine walisimuliwa. Mimi niliona.

Ujanani nilishuka kutoka mlimani nikapata kazi Morogoro mjini, kiwandani, kubandika soli za viatu. Kiwanda kilikuwa cha umma. King'ora kikilia asubuhi, mji mzima unainuka. Halafu ikaja hiyo waliyoiita biashara huria. Tukaitwa uwanjani, tukaambiwa kiwanda kinauzwa, twende nyumbani tukasubiri. Wako waliosubiri mpaka mvi zikawaota. Mimi nilifunga godoro langu kamba nikarudi mlimani.

Kwetu Uluguru mwanamke hakosi pa kurudi. Ardhi inafuata upande wa mama. Shamba si langu wala si lako, ni la ukoo, na ukoo wote unaitwa kwa jina la bibi mmoja wa zamani aliyetuzaa sote. Msemaji wake ni mjomba, ndiyo, lakini tumbo ni la mama. Nikapewa mteremko wenye midalasini ya marehemu mama mdogo, nikashika kisu, nikaanza kubandua magome kama mtu ambaye hajawahi kuondoka.

Tatizo halikuwa kulima. Tatizo lilikuwa lile lori.

Biashara huria ilituletea mlanguzi. Kila msimu anakuja na lori lake, analisimamisha chini penye daraja, anadai juu haliwezi kupanda, na sisi tunamshushia mdalasini kichwani. Anataka lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka linatoa shingo nje kama mbuni. Anasimama juu ya magome yetu na viatu vyake, anayakanyaga yaingie zaidi, kisha anataja bei akiwa amerudi kwenye usukani, dirisha nusu limefungwa. Ukikataa anawasha gari. Utarudi na gunia lako mlimani? Hurudi. Unauza.

Basi mwaka mmoja akaja mama mmoja wa kampuni ya viungo ya Dar es Salaam. Alivaa viatu vya maana vya kupandia, nikampenda hapo hapo. Akatuambia kampuni yao inanunua kwa mizani, haitaki lumbesa, na lori lao litafika mpaka uwanja wa shule. Ila hawanunui wasichokiona, na yeye hawezi kupanda kila mteremko. Kila shamba lipigwe picha mbili, moja ya miti, moja ya kichanja cha kuanikia, waone kwamba hatuaniki chini kwenye vumbi. Picha ziingizwe kwenye tovuti yao. Siku ya mwisho ikifika, tovuti inafunga, na lori litapangiwa kwenda kwa waliomo tu.

"Na asiyemo?" nikamuuliza.

"Asiyemo, mama, kwetu ni kama halimi."

Kikundi chetu ni cha ukoo mmoja, akina mama na mabinti zetu, na mwenyekiti wake ni mimi, kwa sababu nina sauti. Jumapili baada ya misa nikawakusanya nyuma ya kanisa. Nikasema: mwaka huu hakuna kumshushia mlanguzi hata gome moja. Mdalasini ukae ndani mpaka lori la kampuni lije. Wakaguna. Mmoja akauliza, picha zisipofika je? Nikamjibu zitafika, ninaye mjukuu anayeongea na kompyuta.

Niliwaambia hivyo nyuma ya kanisa, jamani. Na wakanisikiliza! Magunia yakajaa kwenye nyumba zote mpaka watoto wanalala miguuni mwa mdalasini. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima. Picha zisingefika, mvua ingeshuka, magome yangeota ukungu, na akina mama wote wale wangejua ni mdomo wa nani ulioharibu mwaka wao.

Mlanguzi alipata habari. Nilimkuta pale darajani nikishuka kwenda mjini, ameegemea mlango wa lori lake tupu.

"Shikamoo bibi. Nasikia siku hizi mnaanika mdalasini kwenye kompyuta."

"Marahaba. Unakauka vizuri. Hakuna anayeukanyaga na viatu."

Makuli wake wakacheka. Yeye hakucheka. Akatazama mawingu, akasema, "Mimi sina haraka. Mvua ikinyesha nitakuja kununua kuni."

Maneno hayo yaliniingia. Sikumwonyesha.

Mjukuu wangu ni binti wa binti yangu, kwa hiyo ni wa ukoo wetu hasa. Alisoma chuo mambo ya kompyuta, halafu akakodi chumba Mwembesongo, Morogoro mjini, anachapa barua za watu, anatoa fotokopi, na katikati ya kazi hizo anaandika programu. Mimi namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Alipanda mlimani na kamera ya kuazima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mjini hamli?"

"Tunakula chipsi."

"Ndiyo maana."

Tulizunguka mashamba yote. Wenzangu walivaa nguo za kanisani kubandulia mdalasini, mwingine amepaka mafuta mpaka anang'aa, wakati kampuni ilitaka kuona miti. Mjukuu akawa anawabembeleza, "Bibi, sogea kidogo, umeziba kichanja." Bibi hasogei. Anataka Dar es Salaam wamwone.

Katikati ya kazi hiyo akatokea kaka yangu, ndiye mjomba, msemaji wa ukoo. Fimbo mkononi, koti la suti juu ya kaptula. Akasimama mbele ya kamera.

"Hizi picha zinaandikwa jina la nani?"

Mjukuu akamweleza kwa adabu kwamba kila shamba litaandikwa jina la mama anayelilima.

"Hapana. Leo mnaandika shamba la fulani, kesho fulani anasema ni lake, keshokutwa ameliuza. Ardhi ya mama yetu haiandikwi jina la mtu. Andikeni jina la bibi mzaa ukoo. Yote. Hilo hilo moja."

Na mimi nilimuunga mkono, nawaambia ukweli. Nimeona mijini watu wanavyoporana viwanja kwa sababu ya jina kwenye karatasi. Mjukuu akasema sawa babu, nimekuelewa. Kila picha ya miti ikaitwa jina la bibi yetu mkuu na neno miti. Kila picha ya kichanja ikaitwa jina lake na neno kichanja. Ndani ya kompyuta kila mama akapewa folda yake, kama kila mtu na kapu lake, na kwenye kila kapu mna picha zile mbili zenye majina yale yale. Kaka yangu akaridhika, akaondoka akipigapiga fimbo.

Siku ya mwisho ya tovuti nilikuwa Mwembesongo asubuhi na mapema, nimekaa karibu na mashine ya fotokopi. Sikuweza kubaki mlimani. Ningekula kucha zote.

Kwanza mjukuu alijaribu njia ya watu wote, kufungua ukurasa wa kampuni na kuingiza picha moja moja kwa mkono. Mtandao wa pale unakohoa. Picha inakwenda, inakwenda, inafika katikati, ukurasa unakuwa mweupe, anarudi mwanzo. Nilitamani kuipiga ile kompyuta kofi.

"Tulia bibi. Hii najua haitafika. Nimeandika programu."

"Inafanya nini?"

"Kampuni wameacha mlango wa pili, wa programu siyo wa watu. Wamenipa ufunguo. Programu yangu inaingia kwenye folda, inachukua picha moja, inabisha hodi na ufunguo, inakabidhi, inasubiri kuambiwa imepokelewa, ndiyo inarudi kuchukua nyingine. Mtandao ukikatika njiani, inapumzika, inajaribu tena. Haichoki, haikasiriki."

"Basi haijafanana na wewe."

Akacheka, akabonyeza. Kwenye kioo kukatokea maandishi, hayana picha wala rangi, mstari unashuka chini ya mstari. Mwisho wa kila mstari neno moja: sawa. Ameitega iandike hivyo kila mara seva, ile kompyuta ya kampuni inayopokea, inapojibu. Sawa. Sawa. Mtandao ukakohoa, ikasimama, moyo wangu nao ukasimama, kisha ikaendelea. Sawa. Sawa. Mpaka ikaandika: nimemaliza.

Nikapiga kigelegele kilichomtoa muuza mitumba wa jirani mbio kuja kuona nani kaolewa. Nikampigia simu kaka yangu. Huko mlimani simu inashika kwenye ngazi za kanisa tu, na siku hiyo alikuwa amekaa hapo hapo na akina mama wote wamemzunguka. Nikamwambia zimefika. Nikasikia mlima mzima unalia kwa furaha ndani ya simu.

Nilipogeuka, mjukuu wangu hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua ukurasa wa kikundi chetu kwenye tovuti ili anionyeshe.

Palikuwa na picha mbili. Miti ya mmoja wetu, na kichanja chake. Basi.

"Wengine wako wapi?" nikauliza.

Akaangalia mistari yake, sawa juu mpaka chini. Akaangalia ukurasa. Akaweka mikono kichwani.

"Bibi, zimekaliana."

"Zimefanyaje?"

"Kila picha imefika. Ila seva haikuona folda zetu, iliona jina tu. Ya kwanza ikaingia kwa jina la bibi mkuu. Ya pili ikaja na jina lile lile. Seva ikadhani tumeleta mpya badala ya ile ya zamani, ikaitupa ya zamani, ikaweka mpya. Ya tatu ikaitupa ya pili. Mpaka mwisho. Imebaki ya mwisho peke yake."

Niliona mdalasini wote ule ndani ya nyumba. Niliona watoto wamelala miguuni mwa magunia. Na huko kwenye ngazi za kanisa walikuwa bado wanacheza.

"Tuweke majina ya akina mama," mjukuu akasema. "Ni kazi ndogo."

"Babu yako alisema nini?"

"Bibi, tovuti inafunga jioni!"

"Nimesikia. Na mimi sitaandika jina la mtu kwenye ardhi ya ukoo kwa sababu seva haina akili. Mpigie."

Kaka yangu alipokea akipiga kelele, watu wa kwetu wanaamini simu ni mbali kwa hiyo lazima upaze sauti.

"Haloo! Tunaimba hapa!"

"Acheni kuimba kwanza," nikasema.

Nikamweleza. Akaanza, "Majina ya watu nilishakataa, na..."

"Nani amekuomba majina ya watu? Mbona unajibu kabla hujaulizwa? Tangu utotoni uko hivyo."

Mjukuu akaninyang'anya simu. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu."

"Babu, jina la bibi mkuu linabaki pale pale mbele, siligusi. Mimi nataka la nyuma yake. Ukimtuma mtoto akamwite mama shambani, unamwambia aende wapi?"

"Inategemea mama yupi."

"Yule aliyevaa gauni la kanisani akaziba kichanja."

"Ah, huyo. Namwambia nenda Kwenye Jiwe."

"Hilo ndilo ninalolitaka, babu. Nipe yote."

Hapo ndipo kaka yangu alipofufuka. Akaanza kuyataja kama anayeita wageni mezani, na mjukuu anachapa. Kwenye Jiwe. Mgombani. Maji Mawili. Palipoanguka Mwerezi. Kwa Nyuki. Alipokosea, akina mama walimrukia wote kwa pamoja, "Siyo hapo! Hapo ni Mgongoni! Mgombani ni ng'ambo!" Yeye anawajibu, "Nyamazeni, nani mjomba hapa?" Kisha anasema, "Andika Mgongoni." Nilisikia mpaka mwanamke mmoja analia. Si kwa uchungu. Alisema hajawahi kusikia shamba la mama yake likitajwa kwenye simu.

"Na la bibi?" mjukuu akauliza.

Nikasikia kicheko.

"La dada yangu tunaliita Kelele."

"Nani analiita hivyo?" nikasema.

"Watu wote," akasema. "Kwa namna unavyofukuza ngedere."

Sijawahi kuambiwa. Miaka yote hiyo! Mjukuu tayari alikuwa ameshachapa.

Akarudi kwenye programu yake. Alifanya mambo mawili, akanieleza kwa sababu nilikataa kunyamaza. Kwanza, jina la picha sasa linaundwa na jina la bibi mkuu, likifuatiwa na jina la shamba, ndipo miti au kichanja. Pili, kabla haijakabidhi picha, programu inaiuliza seva kwanza: unacho tayari chenye jina hili? Ikisema ninacho, programu inasimama na kupiga yowe, haimkalii mtu tena.

"Hiyo ya pili ungeifanya tangu mwanzo," nikamwambia.

"Programu niliiandika kabla hamjaniambia ukoo mzima ni jina moja."

Hapo alinipata. Akabonyeza.

Sawa. Sawa. Sawa. Kisha umeme ukakatika.

Mgao. Mashine ya fotokopi ikazimika, feni ikazimika, kompyuta ikazimika. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi. Mjukuu akakaa chini sakafuni. Mimi nikatoka nje.

Nyumba ya pili kuna fundi wa kuchomelea mageti, ana jenereta. Alikuwa juani na miwani yake myeusi, anachoma geti la mtu. Sikumwamkia wala sikumngoja aniamkie. Nikamwambia, "Mwanangu, zima hilo geti. Nina ukoo mzima umekwama njiani." Akaniangalia kama mwendawazimu, lakini aliniona nilivyosimama. Akalizima. Tukavuta waya kutoka kwake, ukapita juu ya mfereji, juu ya kamba ya mitumba, ukaingia dirishani. Muuza mitumba akawa anaunyanyua kwa ufagio wapita njia wasiukanyage.

Kompyuta ikawaka. Nikasema basi inaanza upya, hatutawahi. Mjukuu akatikisa kichwa. Programu ilikuwa inakumbuka iliposimama! Ikasoma orodha yake ya picha zilizokwisha kupokelewa, ikaziruka hizo zote, ikaendelea pale pale ilipoachia. Maji Mawili, miti, sawa. Maji Mawili, kichanja, sawa. Fundi alikuja kusimama mlangoni, miwani juu ya paji la uso, na muuza mitumba na ufagio wake, na mtu mwenye geti aliyekuja kulalamika. Wote wakawa wanasoma kwa sauti, kila mstari ukitokea. "Kwa Nyuki! Sawa!" Ilipofika Kelele wakaniangalia. Mjukuu aliwaambia. Kizazi hiki hakina siri.

Ikaandika: nimemaliza.

Safari hii sikupiga kigelegele. Nikasema, "Fungua ukurasa."

Akafungua. Picha zikaanza kushuka, moja chini ya nyingine, taratibu kwa sababu ya mtandao: majani mabichi, magome mekundu juu ya vichanja, gauni la kanisani. Juu ya kila moja jina la bibi yetu mkuu, yule ambaye hata kaburi lake tunalijua kwa kukisia, na baada yake jina la mahali ambapo miguu yetu inapajua. Mjukuu akawa anavuta ukurasa chini, na haukuisha. Nilimshika mabega nikamtikisa mpaka kiti kikalia. Nikamwambia, "Wewe ni wa tumbo letu. Umesikia? Wa tumbo letu kabisa." Akawa analia na kucheka, kamasi zinamtoka, binti mzima mwenye diploma. Ndipo nikapiga vigelegele, na fundi akagonga geti la watu kwa nyundo.

Lori la kampuni lilikuja kabla ya mvua kubwa, na likapanda mpaka uwanja wa shule, likinguruma kila kona. Karani wao alikuwa na kompyuta ndogo, akaiweka juu ya boneti. Akaanza kuita mashamba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mjini aliyataja kwa kusitasita, kama mgeni anayejaribu chakula. "Kwenye... Jiwe?" Mwenye Jiwe akajitokeza na gauni lake lile lile, mabinti nyuma yake na magunia kichwani. "Mgongoni?" Wapo. "Palipoanguka Mwerezi?" Wapo. Kaka yangu alisimama pembeni mwa mizani amevaa koti lake, anaitikia kwa kichwa kila jina, na lilipotajwa shamba ambalo mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali, aliitikia yeye kwa mdomo na kubeba gunia yeye mwenyewe, fimbo ameichomeka kwapani.

Hakuna aliyekanyaga mdalasini. Gunia lilipanda mizani bila shingo ya lumbesa, limeshonwa vizuri, likashuka, likapakiwa. Mpaka jioni karani alikuwa hawezi tena kufunga lori. Turubai lilikuwa halifiki upande wa pili. Makuli wawili ikabidi wapande walale juu yake kulizuia lisipeperuke, na sisi tukalisindikiza kwa miguu, tukiimba, mpaka lilipokata kona ya mwisho likaingia barabara ya Morogoro.